Panya Mmoja ni Kijiko Kimoja: Kumlisha Mtoto wa Paka Chakula Kikavu Nairobi

Ukitaka kuelewa kwa nini mtoto wa paka anakula jinsi anavyokula, anza na panya. Panya mdogo wa nyumbani ana uzito wa gramu 20 hivi na hubeba kalori kama 30, zile zinazoandikwa kcal kwenye mifuko ya chakula. Paka anayejitegemea hashibi kwa panya mmoja. Hukamata, hula, hulala kidogo, kisha hutoka tena, mara kumi au zaidi kati ya alfajiri na alfajiri. Tumbo lake limeumbwa kwa kipimo hicho.

Sasa chukua chakula kikavu cha watoto wa paka. Gramu moja ina kalori 4 hivi, kwa hiyo panya mmoja ni gramu 7 au 8 za punje: kijiko kimoja cha mezani kilichojaa kidogo. Makosa mengi tunayoyaona kwenye nyumba za Nairobi, kuanzia kibakuli kilichojazwa hadi pomoni asubuhi mpaka paka anayetapika sakafuni dakika tano baada ya kula, yanatokana na kusahau hesabu hiyo ndogo. Na kuna jambo la pili ambalo kijiko hakilionyeshi: panya ni maji kwa karibu asilimia 70 ya uzito wake, na huliwa akiwa bado na joto. Punje zina maji asilimia 10 au pungufu, na ziko baridi.

Kabla ya punje, uji

Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, kisha huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Meno ya mbele huanza kuchungulia katika wiki ya tatu, chonge hufuata, na magego ya utotoni hayakamiliki mpaka karibu wiki ya sita. Kumwekea wa wiki nne punje kavu ni sawa na kumpa mtoto mchanga mahindi ya kuchoma.

Anza wiki ya nne, mama akiwa bado ananyonyesha. Weka kijiko kimoja cha punje kwenye kikombe, mimina vijiko vitatu vya maji ya vuguvugu, funika dakika 20, halafu ponda kwa uma mpaka mabonge yaishe. Chovya kidole: usihisi moto wala baridi. Tandaza kwenye kisahani bapa au kifuniko cha mkebe, kwa sababu bakuli lenye ukuta humzuia asifike, naye huishia kuingia mzima mzima. Mpe mara nne au tano kwa siku. Kilichobaki baada ya saa moja kimwage, maana punje zilizolowa huchacha haraka, hata siku ambayo unadhani kuna baridi.

Usimshike kichwa ukamzamisha pua kwenye uji. Ni desturi ya wengi, na ni hatari: akivuta pumzi chakula kinaingia kwenye mapafu, na nimonia kwa mnyama wa gramu 400 haina mchezo. Weka uji kidogo kwenye kidole, umguse mdomoni, umwache alambe. Siku mbili tatu za kwanza ataukanyaga kuliko atakavyoula. Mfute kwa kitambaa chenye uvuguvugu kisha umkaushe kabisa. Mtoto aliyelowa mwezi wa Julai hupoteza joto upesi, na mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula tumboni.

Punguza maji polepole. Wiki ya tano, vijiko viwili vya maji kwa kimoja cha punje. Wiki ya sita, kimoja kwa kimoja. Wiki ya saba, nyunyizia tu. Kufikia wiki ya nane wengi hutafuna punje kavu bila shida. Yule mdogo wa kundi akichelewa wiki moja, mwache achelewe. Ukiona anaokota punje na kuitema, ni ishara ya kurudi hatua moja nyuma, si ya kubadilisha chakula.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe, yale yanayobaki baada ya chai: kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua kadiri mtoto anavyoachishwa kunyonya. Sukari isiyosagwa hubaki kwenye utumbo, huvuta maji, na matokeo yake ni kuhara. Mtoto wa nusu kilo anaweza kuishiwa maji kwa kuhara siku moja tu. Yatima wa chini ya wiki nne anahitaji maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka, kwa chupa, akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama binadamu.

Vijiko vingapi kwa siku

Mtoto wa wiki nane mwenye gramu 800 hadi 900 anahitaji gramu 40 hadi 50 za punje kwa siku. Wa miezi mitatu, gramu 50 hadi 60. Kati ya miezi minne na sita hufika 60 hadi 70, na hapo mahitaji hutulia ingawa mwili bado unakua, kwa kuwa kila kilo ya mwili inadai kidogo kuliko mwanzo. Hesabu hizi ni za kuanzia. Mfuko ulionao una jedwali lake, na chakula chenye mafuta mengi hupimwa gramu pungufu. Hata kijiko chako si kijiko changu, kwa hiyo nunua mizani ndogo ya jikoni. Mizani hiyo hiyo utampimia paka: mweke ndani ya bakuli la plastiki, toa uzito wa bakuli, andika. Pima kila wiki, siku ile ile, kabla hajala. Ongezeko la gramu 100 kwa wiki ni zuri. Wiki nzima bila kuongezeka ni sababu ya kumwona daktari, hata kama anacheza.

Gawanya kiasi cha siku mara nne mpaka miezi minne, kisha mara tatu. Hapa ndipo maisha ya jiji hili yanapogongana na tumbo la paka. Mtu wa Kitengela au Ruiru ametoka saa kumi na moja alfajiri kuukimbia msongamano, na kurudi ni saa mbili usiku. Chakula laini cha mkebe hakiwezi kukaa nje muda wote huo; punje zinaweza. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu kuu ya kutumia chakula kikavu, na inatosha. Mpe kijiko kimoja na nusu kabla ya kutoka. Vijiko viwili vya mchana vitawanye kwenye vishimo vya trei ya mayai ya karatasi, punje chache kila kishimo, ili atumie ukucha na akili kuzitoa. Trei ikilowa au kunuka, itupe. Jioni ndipo umpe mlo wenye maji: chakula laini, au punje zile zile zilizolowekwa. Kabla ya kulala, kijiko cha mwisho, ambacho ndicho kitakachokununulia usingizi hadi karibu na mapambazuko.

Karibu tu, maana paka huwinda mwanga ukiwa hafifu. Saa kumi na moja atakuwa kifuani mwako. Ukiamka na kumlisha papo hapo, umemfundisha kazi ya kukuamsha. Amka, oga, chemsha chai, halafu mlishe.

Agroveti, gunia na mfuko

Kwenye maduka mengi ya agroveti na ya vyakula vya wanyama, punje hupimwa kwa kilo kutoka gunia lililofunguliwa. Bei inavutia na hakuna wa kulaumiwa kwa kuangalia bei. Ila fahamu unachopoteza. Hujui tarehe ya mwisho, hujui kama ni ya watoto au ya wakubwa, na hujui gunia limekaa wazi siku ngapi. Punje hupakwa mafuta kwa nje ili zinukie. Hewa ikiyafikia huchacha, vitamini hupotea, na paka hugoma huku mwenye nyumba akisema anadeka. Zinuse. Mafuta yaliyochacha yananuka kama rangi ya zamani. Unyevu nao huleta kuvu, na vyakula vingi vya bei ya chini vina mahindi ndani. Sumu ya kuvu kwenye mahindi ndiyo iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, nayo haiondoki kwa kupikwa. Ukilazimika kununua ya kupima, omba kuona gunia lenyewe, piga picha ya maandishi yake, na ununue ya wiki mbili tu.

Kwenye maandishi hayo tafuta mambo matatu. Kwanza, neno "kitten", "growth" au "all life stages". Chakula cha paka mzima kina protini na kalori chache mno kwa anayekua. Pili, neno "complete". Likiwa "complementary", hicho ni kitoweo cha juu juu, si mlo. Tatu, protini isiyopungua asilimia 30. Mengine, rangi za punje na picha za samaki na karoti, ni ya kumfurahisha anayelipa.

Chakula cha mbwa hakifai hata kwa muda, na si suala la kuchagua chagua. Paka hawezi kutengeneza taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, ya kutosha mwilini, wala kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama mbwa anavyofanya. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wa taurini hulegeza na kutanua misuli ya moyo wa paka, na kwamba ikirudishwa mapema moyo unaweza kupona. Upungufu huo huo huharibu macho, na hayo hayaponi.

Ugali na omena ndio mlo wa paka wengi wa mitaani na wa nyumbani. Omena peke yao si wabaya: wana protini, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu. Waoshe mchanga utoke, wachemshe dakika kumi bila chumvi, na wape nafasi yao: sita au saba juu ya punje, wasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Ugali ndio usio na kazi kubwa pale. Paka hata hausikii utamu wake. Mwaka 2005 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu kule Philadelphia, walionyesha kuwa jeni ya kuonja sukari imeharibika kwa paka wa nyumbani, simbamarara na duma. Nyama tupu isiyo na mfupa, kila siku, ni kosa la watu wenye uwezo: ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, mwili unaichota kutoka mifupani, na mtoto wa miezi minne anavunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Maini kila siku hulimbikiza vitamini A mpaka shingo inakakamaa. Na mchuzi usimpe, maana mchuzi gani wa Nairobi hauanzi na kitunguu? Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, kibichi au kilichoiva.

Nyumbani, acha punje ndani ya mfuko wake, ukunje mdomo, ubane kwa kibanio cha nguo, halafu mfuko wote uingie kwenye ndoo yenye kifuniko. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye ndoo, mafuta hushika pembeni na kuchachisha mfuko unaofuata. Ukishafungua, maliza ndani ya wiki nne hadi sita. Sisimizi wakivamia kibakuli, kiweke katikati ya sinia lenye maji kidogo. Hawaogelei, na paka hajali.

Tabia zinazowashangaza watu

Anaokota punje, anaondoka nayo hadi kwenye zulia, anailia huko. Anakula kama anayeiba, anaunguruma ndugu akisogea. Hizo ni adabu za mwindaji wa peke yake. Kuwapanga watoto watano kwenye sinia moja kunapendeza kwenye picha, lakini kunazalisha mashindano: mwenye nguvu anabugia, mnyonge anasubiri makombo. Kila mmoja awe na kisahani chake, na uongeze kimoja cha ziada, vikiwa mbalimbali kiasi kwamba wasitazamane.

Anayebugia hutapika muda mfupi baadaye, na kinachotoka ni punje nzima zilizofungamana kama soseji. Paka hasagi chakula kwa kuzungusha taya. Taya lake hupanda na kushuka tu. Humeza punje nzima au vipande viwili, ambavyo huvimba vikikutana na maji tumboni. Trei ya mayai, au jiwe safi kubwa la mviringo katikati ya sahani, humlazimisha kupunguza mwendo. Kwa sababu hiyo hiyo usiamini sana wanaosema punje husafisha meno. Punje ya kawaida hupasuka kwenye ncha ya jino kabla haijafika kwenye ufizi, mahali uchafu unapokaa.

Kukwaruza sakafu kuzunguka kibakuli baada ya kula hakumaanishi chakula kinanuka. Anafukia akiba ili wengine wasiinuse. Ameshiba, basi usimwongezee.

Kumaliza punje za katikati na kuacha pembeni pakiwa pamejaa ni suala la chombo. Wengi hawapendi kuingiza uso kwenye bakuli refu na jembamba. Kisahani bapa cha udongo au cha chuma kisichoshika kutu kinatosha. Plastiki hupata mikwaruzo, mikwaruzo hushika mafuta na vijidudu, na kidevu huota vichunusi vyeusi. Kibakuli kisiwekwe karibu na choo chake. Hata wewe hungekubali.

Anayenusa na kuondoka anataka kusomwa vizuri. Kama pua ina makamasi na macho yanatoa machozi, ana mafua ya paka. Hasikii harufu, na paka asiyesikia harufu hali. Futa pua kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, lowesha punje kwa supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, ipashe moto kidogo hadi joto la mwili. Kama pua ni safi na umebadilisha chakula jana, kosa ni mwendo. Kubadilisha kunataka siku saba hadi kumi: robo ya kipya siku tatu, nusu siku tatu, robo tatu siku nyingine, kisha chote. Anayechukua paka KSPCA, shirika la kutetea wanyama, au kwa jirani, aulize alikuwa akila nini na anunue hicho hicho kwa wiki ya kwanza.

Tena mzoeze punje na chakula laini vyote viwili kabla hajafikisha miezi sita. Ladha na umbo la chakula hujikita utotoni. Paka mzima aliyejua punje tu anaweza kukataa katakata chakula laini siku figo au njia ya mkojo itakapokidai.

Maji, basi

Paka anahitaji mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na anayekua huhitaji zaidi. Anayekula panya au chakula laini hupata nyingi ya hizo ndani ya mlo. Anayekula punje lazima anywe karibu zote, ilhali asili yake ni paka wa nchi kame ambaye kiu humjia taratibu. Weka maji sehemu mbili, mbali na chakula, kwenye bakuli pana lililojaa mpaka ukingoni. Yabadilishe kila siku na usugue utelezi wa chini. Maji ya mfereji yakinuka dawa, yaache usiku kucha kwenye sufuria wazi. Siku za mgao wa maji usisahau kuwa yeye pia anahesabiwa. Kinyesi kikavu kama kokoto, au ngozi ya mabega inayobaki imesimama ukiivuta, ni dalili kwamba punje zimemzidi maji.

Tumbo kubwa kama ngoma juu ya miguu myembamba si shibe, mara nyingi ni minyoo. Mabuu ya minyoo mviringo hupita kwenye maziwa ya mama, hivyo hata asiyegusa ardhi anaweza kuwa nao. Dawa huanza akiwa na wiki tatu, hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki mbili baada ya kuacha kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kipimo hufuata uzito, ndiyo maana mizani inarudi tena.

Mtoto wa chini ya wiki nane asipokula kwa saa 12, au mkubwa kidogo kwa saa 24, usingoje kesho. Akiwa baridi, amelegea, anayumba, huenda sukari ya damu imeshuka. Mfunge kwenye taulo na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, mpake glukosi iliyokorogwa au asali kidogo kwenye fizi kwa kidole, usimmiminie kitu kooni, na uende kwa daktari. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete. Beba picha ya mfuko wa chakula na daftari la uzito. Ndivyo vitu viwili vya kwanza utakavyoulizwa.

Akihasiwa au akifungwa kizazi, hamu ya kula hupanda huku mahitaji yakishuka kwa robo hivi. Punguza kijiko kimoja na nusu kwa siku, kisha utazame mizani wiki mbili kabla ya kupunguza tena. Chakula cha watoto kiendelee mpaka mwaka mmoja, halafu kile cha wakubwa kiingie kwa ule ule mwendo wa robo, nusu, robo tatu.